Ukulele Nne, Dada Wawili

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Muleba ananiuliza swali lilelile: mwalimu, hivi vigita ukutani ni vya nini? Namjibu kwamba si vigita, ni ukulele, na kama alikuja kunywa chai basi chai ndiyo hiyo mbele yake. Wananijua nina mdomo. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na mwalimu asiye na mdomo watoto humpanda kichwani. Lakini niseme ukweli, swali lile linanichoma, na mimi nikichomwa nagomba.

Ziko tatu. Kubwa karibu inafika gita la kawaida, ukiipiga inanguruma tumboni. Inayofuata ni ya kushika kifuani. Ya tatu inatosha mkono wa msichana wa shule. Nikizitazama hivyo zilivyopangana, kubwa, ya kati, ndogo, kila mtu anaona kwamba mbele ya ile ya tatu kuna nafasi, na kwamba pale palistahili kukaa nyingine ndogo zaidi. Iko Kishanda kwa mdogo wangu. Nimetaka mara nyingi kuwaambia wageni habari yake, nikaishia kuwaongezea chai.

Sikuziiba. Nianze na hilo, maana hata mimi mwenyewe huwa nahitaji kukumbushwa. Nilipewa Bukoba nikiwa shule ya bweni, muda mfupi baada ya Uhuru. Mwalimu wetu wa nyimbo alikuwa mama wa Kizungu, mkali darasani na mwepesi wa kucheka nje ya darasa, na alikuwa na hizo ukulele nne katika sanduku la mbao alilokuja nalo kutoka kwao. Kazi yangu ilikuwa kuzifuta vumbi kila Jumamosi. Wenzangu walifagia uwanja, mimi nafuta ukulele, na kwa kuzifuta nikajifunza kuzipiga. Alipomaliza muda wake, asubuhi ile ya kupanda meli ya kwenda Mwanza, akaniita, akanikabidhi sanduku. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba hizi zinapigwa pamoja, kwa hiyo nitafute wa kupiga naye. Nikaitikia kwa adabu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni kwamba ni zangu.

Nyumbani Kishanda tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, na mama yetu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba hakuzaa mtoto wa kiume, na kwetu sisi Wahaya wa siku zile jambo hilo halikuhitaji maelezo. Wazee wa ukoo walikuja baada ya matanga, wakakizunguka kibanja chetu, migomba na mibuni, wakapanda milamula, ile miti yetu ya kuonyesha mpaka, pale walipoona inafaa, wakamkabidhi baba yetu mdogo. Sisi tungeendelea kukaa na kula. Kumiliki hapana. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, hata siku moja hakutunyima mkungu wa ndizi. Ila siku ile ya kugawa, mdogo wangu, ambaye alikuwa bado mtoto wa kukimbizana na mbuzi, alisimama katikati ya wazee akauliza kwa sauti:

"Na sisi chetu kiko wapi?"

Wazee wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mama akamvuta mkono akamwambia anyamaze. Akanyamaza. Hakuna aliyemjibu.

Sasa mimi nikarudi likizo na sanduku langu kichwani, nikilitoa kituo cha basi, jasho linanitoka na nimejaa majivuno. Mama alikuwa amekwenda kanisani kwenye umoja wa akina mama. Nikamwita mdogo wangu ndani, nikamkalisha kwenye nyasi tulizotandika sebuleni, nikazipanga ukulele nne mbele yake kwa ukubwa. Macho yakamtoka. Akaniuliza kama anaweza kugusa. Hapo ndipo likaniingia wazo ambalo mpaka leo sijui niliite nini. Nilisema ngoja, vitu haviguswi ovyo, vinagawiwa.

Nikaketi kwenye kigoda cha baba. Nikakunja shuka begani kama mzee mkuu wa ukoo, nikakohoa kama yeye, nikaanza kusema kwa Kihaya kile kizito cha wazee. Mimi nilikuwa msichana wa bweni mwenye hamu ya kuchekesha, na nilikuwa nimewaona wakigawa, nilikuwa na kila neno lao kichwani. Nikatangaza kwamba mrithi mkuu ndiye wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo kubwa ni yake, na mrithi mkuu ni mimi. Inayofuata nayo ni ya mrithi mkuu kwa sababu ndiye atakayebeba mizigo ya ukoo. Ya tatu nayo ni yake kwa sababu wageni wote watafikia kwake. Na ile ya mwisho, ile ndogo, nikamgawia yeye.

Hata kwenye ile ndogo nilichagua. Ilikuwa na ufa chini ya tumbo. Iliwahi kuanguka bwenini, na vigingi vyake viwili vya kukazia nyuzi vilikuwa vimepotea. Kama isingekuwa na ufa, nasema kweli tupu, ningetafuta sababu ya nne.

Halafu, ili mchezo ukamilike, nikachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile anazopewa mgeni, nikampa punje naye nikachukua yangu. Wazee walifanya hivyo mbele yetu kufunga neno lao. Mdogo wangu akapiga magoti, akapokea ukulele kwa mikono miwili, akaweka kahawa mdomoni akaitafuna taratibu, akasema:

"Nashukuru, waitu."

Waitu, kama aitwavyo mzee kwa heshima. Mimi nikaangua kicheko. Yeye hakucheka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Baba yetu alipiga enanga. Asiyeijua ni kama mtumbwi mdogo wa mbao unaolazwa mapajani, na uzi wake ni mmoja tu mrefu, unapitishwa kwenda na kurudi kwenye meno ya mbao mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Enanga ilikwenda na kibanja, kwa baba mdogo, ikatundikwa jikoni ikala moshi. Lakini mdogo wangu alikuwa amemtazama baba akiifunga uzi. Kwa kuwa ukulele yake ilikosa vigingi, akachonga vijiti, akapata mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwa mtu aliyekuja na basi la Bukoba, akaupitisha kama baba: uzi mmoja kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Mwalimu wangu wa Kizungu angepiga yowe. Nilimwambia mdogo wangu kwamba hivyo sivyo, kila uzi hukaa peke yake, maana hivi ukikatika sehemu moja wote unalegea. Akasema baba alifunga hivyo. Nikamwacha na ubishi wake.

Wacha wee, akaipiga. Mimi niliyefundishwa nilikuwa napiga kwa vidole vinavyokumbuka somo. Yeye alipiga kama mtu anayezungumza na jirani. Alichukua nyimbo za kanisani akazikalisha kwenye mwendo wa enanga, na mama akawa anaacha jembe mlangoni anasikiliza amesimama. Nilimwonea wivu. Nikarudi bweni na zangu tatu, nikazipiga kwa zamu, na kila nilipoishika moja mbili zilikuwa zinanitazama. Mwalimu aliniambia zinapigwa pamoja. Wa kupiga naye nilikuwa naye kwetu, na nilikuwa nimempa ile ambayo ikipigwa pamoja na zangu haisikiki.

Miaka ikaenda. Nikawa mwalimu, nikapangiwa Muleba, yeye akaolewa palepale Kishanda kwa mkulima mmoja mpole, wakalima kahawa. Mikono yake ilikua. Jembe lilimkuza vidole vikawa vinene kuliko vyangu, na bado alivibana kwenye shingo ile nyembamba kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Nilikuwa nayaona hayo kila nikienda kumtembelea. Njiani najiambia, safari hii nitamwambia achukue moja. Nikifika tunakula ndizi na maharage, tunacheka, anapiga, nasifu, narudi. Nilijipa kisingizio kizuri sana: hajaomba. Nami nilijua vizuri kwamba kwetu mdogo haombi cha mkubwa wake.

Kisha ujamaa ukaja, na hapo ndipo roho ilianza kunisuta mchana kweupe. Kishanda ilipoandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa hatukuhamishwa kama walivyohamishwa watu wa mikoa mingine, migomba ilibaki palepale. Tuliongezewa shamba la pamoja na mikutano mingi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaimbisha watoto. Asubuhi nasimama mbele ya darasa na ukulele yangu ya kati, nawafundisha nyimbo za kugawana, za kuwashutumu wanaojilimbikizia mali, na watoto wanaimba kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo inasimama. Jioni narudi nyumbani nawasha taa, zinanitazama mbili nyingine ukutani. Jamani! Mtoto mmoja aliwahi kuja kuniletea madaftari, akaziona, akauliza mwalimu anazipigaje zote kwa mikono miwili. Nikamkemea kwa kuchungulia ndani ya nyumba ya mwalimu. Alikuwa hajachungulia, mlango nilikuwa nimeufungua mwenyewe.

Mwaka mmoja ikatangazwa kwamba siku ya Uhuru vikundi vya vijiji vitashindana kuimba pale uwanjani Muleba, na kitakachoshinda kitapelekwa Bukoba kuimba mbele ya wakubwa wa mkoa. Mdogo wangu ndiye alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa Kishanda. Alikuja kwangu siku ya soko, amebeba kikopo cha senene, wale panzi wetu wa kukaanga, akanieleza kwa furaha. Alikuwa ametunga wimbo mwenyewe. Maishani mwake hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wale wa kanisa lao, wala hakuwahi kuitwa Bukoba na mtu yeyote, na aliutaka ushindi ule, aliutaka mpaka akawa anashindwa kukaa kitini. Shida moja tu, akasema huku akicheka: wana ngoma mbili na sauti za wanawake wengi, na kila wakifanya mazoezi wanamuuliza anapiga nini, hawasikii kitu. Kikundi kilikuwa kinafuata mikono yake kwa macho.

Aliposema hivyo alikuwa ameketi chini ya zile tatu. Hakuinua macho kuzitazama. Mimi nilizitazama. Nilisubiri aseme, naye akaniuliza kama senene wana chumvi ya kutosha. Nikasema inatosha. Akaondoka na basi, nami nikabaki nimesimama mlangoni na kikopo mkononi, nikajitukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Basi nikapiga moyo konde. Siku ya Uhuru niliitoa ile kubwa ukutani, si ya kati, si ya tatu, ile kubwa yenyewe. Nikaipangusa, nikakaza nyuzi, nikaifunga kwenye kitenge. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, uwanja unateleza, na watu wamejaa mpaka barabara ya Biharamulo. Nikawapenya nikawakuta akina mama wa Kishanda nyuma ya jukwaa wamevaa sare walizoshona wenyewe. Nikamvuta mdogo wangu pembeni, nikafungua kitenge. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kilichotoka ni kwamba ichukue, ni yako, haraka, zamu yenu inakaribia.

Aliitazama. Akaigusa ubavuni kwa upande wa nyuma wa vidole, kama unavyopima homa ya mtoto. Akasema ni nzuri sana, kwamba nimeitunza vizuri, na kwamba niifunike isije ikarowa. Kisha akaitwa, akaenda na ile yake ndogo.

Nilikasirika, sifichi. Niliona ananikomoa mbele ya watu. Nikasogea mpaka mbele karibu na kamba, kitenge changu kifuani, nikawatazama wakipanda. Wimbo wao ulikuwa mzuri. Ulianza polepole, ulitaja jembe na mvua na mtu aliyeketi na jirani yake, na ukawa na kile kizunguko cha enanga ya baba ambacho mimi peke yangu uwanja mzima nilikitambua. Yeye hakusikika. Ngoma zilimmeza. Niliona vidole vinakwenda, niliona midomo ya akina mama inafuata vidole, na nyuma yangu mtu akamwambia mwenzake, yule mama anashika kitu gani vile.

Katika ubeti wa pili uzi ukakatika. Ule mshipi mmoja wa kwenda na kurudi. Ulikatika sehemu moja na wote ukalegea, ukaning'inia vidoleni mwake. Akina mama waliokuwa wakimfuata kwa macho wakapoteza njia, sauti zikapishana. Nikafungua kitenge, nikaiinua ile kubwa juu ya vichwa vya watu aione. Ilikuwa hatua chache tu, angenyoosha mkono ningempa. Aliniona. Alitikisa kichwa. Akaigeuza ile ndogo, akaanza kuigonga mgongoni kwa viungo vya vidole, akawarudisha wenzake kwenye mwendo kwa kugonga tu mpaka wakamaliza.

Hawakushinda. Wala hawakukaribia. Waliopelekwa Bukoba ni watu wa kijiji kingine waliokuwa na gita na sauti ya kufika ng'ambo. Waamuzi walisema akina mama wa Kishanda wana wimbo mzuri ila wajitahidi upande wa vyombo. Nilisikia neno hilo, vyombo, nikaifunika tena ile kubwa kwa kitenge.

Alipitia kwangu kungoja basi la jioni. Nilimpa uji, nikaanza kugomba. Nilimuuliza kama alitaka kunidhalilisha. Nilimwambia kwamba angeshinda, kwamba wote wameona angeshinda, kwamba ukulele tatu zimekaa hapa kama mapambo na yeye anagonga kisanduku chenye ufa kama muuza karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameipakata mapajani, anautoa ule mshipi uliokatika kwenye vitundu.

"Dada," akasema, "siku wanagawa kibanja cha baba niliuliza chetu kiko wapi. Unakumbuka? Hakuna aliyenijibu. Ulinijibu wewe. Ulinikalisha kwenye nyasi ukanipa kahawa nikatafuna, ukanipa hii. Nikikurudishia nikachukua ile kubwa, nitakuwa sijarithi kitu."

"Lakini ina ufa," nikasema.

"Hata kibanja kina upande wenye mawe," akasema. "Mtu analima."

Nikamtazama usoni nikaona hanisemi. Hakuwa na kinyongo chochote, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Lau angenitukana ningemjibu, mdomo ninao. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa nachekesha tu? Kwamba kile kigoda na ile kahawa na Kihaya chote kile vilikuwa mchezo wa msichana wa bweni, na kwamba nilimpa ile kwa kuwa ndiyo pekee niliyokuwa siitaki? Alikuwa ameilima miaka yote ile.

Akaniuliza kama nina mshipi, maana wa kwake umeisha na Kishanda haupatikani tena. Niliingia chumbani nikatoa wote niliokuwa nao, niliojiwekea akiba kutoka Bukoba, nikampa kibunda kizima. Akasema ni mwingi mno, atachukua kipande. Nikamwambia achukue wote. Akapiga goti kidogo, kama tulivyolelewa, akaupokea kwa mikono miwili.

Mikono yangu ikabaki mbele vilevile imenyooka. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani, na yeye alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja nimpe na kahawa.